Msituambie Sistimu Iko Chini

Jumanne moja mwaka jana nilimpeleka mamangu kliniki ya presha na sukari katika hospitali moja ya umma. Tulitoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri ili tuwahi foleni, na kweli tukawa nambari saba. Saa tatu na robo karani akainua kichwa kutoka kwa kompyuta yake akasema maneno ambayo Mkenya anayajua kuliko wimbo wa taifa: "Sistimu iko chini. Kaeni tu mngoje."

Tukangoja. Saa nne, saa tano. Sijui kama umewahi kukaa na wagonjwa hamsini wanaosubiri kompyuta ipone. Hakuna anayepiga kelele. Mzee aliyekuwa kando yetu alikuja bila kula kwa sababu aliambiwa sukari yake ipimwe tumbo likiwa tupu. Ilipofika saa tano mikono ikaanza kumtetemeka, mama mmoja akampa mandazi, na kipimo chake kikaishia hapo. Arudi siku nyingine.

Nyuma ya karani kulikuwa na kabati lenye kaunta buku, zile nyeusi kubwa za mgongo mwekundu, zimepangwa kwa miaka. Nikamwendea polepole.

"Anti, si mtuandike tu kwa kitabu, sistimu ikirudi mwingize?"

Hakunikasirikia. Ni mama wa umri wa mamangu. "Kijana wangu, zamani ningekuandika hata kabla umalize kuuliza. Siku hizi nikikuandika kwa kitabu, bima haikujui. Dawa ikitoka bila idhini ya sistimu, nani ataulizwa? Ni mimi."

Saa nane mamangu akasema twende nyumbani. Vidonge vyake vilikuwa vimeisha Jumapili. Nikapitia duka la dawa, nikalipa shilingi 2,300 ambazo zilikuwa za kuongezea kodi ya nyumba, na landlodi akanipigia simu Ijumaa kama kawaida yake.

Nataka tukae hapo kwenye lile kabati. Kila mjadala kuhusu serikali ya kidijitali nchini hapa huanza na seva, na mimi nadhani tunaanzia mahali pabaya. Hospitali ile ilikuwa na njia ya pili. Ilikuwa pale, mita moja nyuma ya karani, na kalamu alikuwa nayo mkononi. Kilichokosekana ni ruhusa ya kuitumia. Kuna mtu mahali fulani, kwenye ofisi yenye hewa baridi, aliyeamua kwamba sistimu ikizima, daktari, mfamasia na karani wote wazime nayo. Huyo mtu ndiye ninamwandikia.

Kwanza tuitazame hiyo sentensi yenyewe. "Sistimu iko chini." Haina mtendaji. Inasemwa kama vile mtu anavyosema mvua imekataa kunyesha. Lakini mvua haitolewi kwa tenda. Sistimu imenunuliwa, imetiwa sahihi, na kuna mtu aliyekubali kwamba iwe moja tu na isiwe na mwenzake.

Niseme wazi kwamba mimi si mhandisi. Nilisoma kompyuta chuoni miaka miwili kabla karo kunishinda, na sasa naishi kwa kuandika vitu vya watu. Lakini jambo hili tulifundishwa muhula wa kwanza, kabla hata sijaanza kukosa darasa. Unachora mtandao wako wote kwenye karatasi. Unaweka kidole juu ya kila kisanduku na kila waya, mmoja baada ya mwingine, na kuuliza: hiki kikifa sasa hivi, ni nini kinaendelea? Ukifika mahali jibu ni "hakuna," hujamaliza kazi. Unaongeza seva ya pili, nayo huiweki chumba kimoja na ya kwanza kwa sababu moto hauchagui. Unavuta waya wa pili, nao hupitishi kwenye mtaro ule ule ambao tingatinga la barabara litachimba Jumamosi. Unatafuta stima ya pili. Unatunza nakala ya data mahali ambapo hata wewe mwenyewe ukikosea huwezi kuifuta. Dereva wa matatu anayekwenda Busia usiku hajasoma haya popote, lakini muulize kama anaweza kutoka stendi bila spea.

Sasa tuweke kidole juu ya Kenya.

Tarehe 30 Juni 2023 Rais William Ruto alizindua huduma zaidi ya 5,000 za serikali kwenye eCitizen. Pasipoti, leseni ya gari, usajili wa kampuni, cheti cha maadili mema, vyote mlango mmoja. Mwaka huo huo wizara na mashirika yaliagizwa yaache nambari zao za malipo na pesa zote zipitie Paybill 222222. Sababu iliyotolewa ilikuwa nzuri na bado ni nzuri: pesa zilikuwa zinapotelea kwenye mifuko ya watu. Sina shida na mlango mmoja. Shida yangu ni kwamba milango mingine yote ilipigwa misumari siku hiyo hiyo.

Hata mwezi haukuisha. Wiki ya mwisho ya Julai eCitizen ikaanguka, na kundi lililojiita Anonymous Sudan likajitangaza kuwa ndilo lililofanya. Hawakuvunja sefu. Walichofanya ni sawa na kutuma watu elfu kumi wasimame kwenye mlango wa supamaketi bila kununua kitu, mpaka mwenye orodha ya unga na mafuta ashindwe kuingia. Waziri wa habari na mawasiliano wakati huo, Eliud Owalo, alithibitisha shambulio lakini akasema hakuna data iliyopotea. Sawa, namwamini. Lakini watu walishindwa kununua tokeni za stima. Walishindwa kukata tiketi za SGR. Pasipoti zilikwama. Mtu aliyekaa gizani kwa sababu tokeni haipatikani, ukimwambia data yake iko salama, atakuangalia tu.

Na hapa ndipo pananiuma. Watalii nao walikuwa hawawezi kupata viza ya mtandaoni. Unajua serikali ilifanya nini? Ilitangaza kwamba walioathirika watapewa viza wakifika. Yaani afisa wa uhamiaji akarudishiwa mhuri, akarudishiwa kaunta, na kazi ikaendelea. Njia ya pili ilipatikana haraka kwa sababu kulikuwa na mtu aliyetaka ipatikane: mgeni akirudishwa kwao na ndege, magazeti ya Ulaya yataandika. Kwa hivyo tusidanganyane kwamba haiwezekani. Kwa mgeni iliwezekana. Mama anayengoja dawa ya presha ndiye aliyeambiwa akae tu.

Kuna kundi la pili ambalo haliwezi kuachwa bila njia mbadala, nalo ni la wanasiasa. Rudi nyuma mpaka uchaguzi wa 2013. Vifaa vya kutambua wapiga kura viligoma katika vituo vingi, betri zikaisha, na maafisa wakarudi kwenye daftari lililochapishwa. Bunge lilipokaa Desemba 2016 kujadili kama kuwe na njia ya akiba, wabunge karibu washikane mashati. Upinzani ulisema karatasi ni mlango wa wizi, serikali ikasema mashine zinaweza kufa. Mwishowe kifungu cha 44A kikaingizwa kwenye sheria ya uchaguzi: tume lazima iwe na utaratibu wa kusaidiana na ule wa kielektroniki. Na tarehe 9 Agosti 2022, vifaa vya KIEMS vilipokataa katika sehemu za Kakamega na Makueni, mwenyekiti wa IEBC Wafula Chebukati aliruhusu daftari la karatasi litumike, na watu wakapiga kura.

Hebu nieleze polepole. Kwa kura moja kila miaka mitano, tuna kifungu cha sheria, mjadala wa Bunge, kesi mahakamani na daftari lililochapishwa likisubiri kwenye sanduku. Kwa insulini ya kila asubuhi, tuna kiti cha plastiki.

Najua watakaonijibu, kwa sababu nimeshabishana nao. Wa kwanza ni wa hongo. "Ukirudisha kitabu, unarudisha kitu kidogo." Hoja hii siidharau. Nilikuwa mtoto nikimwona babangu akikunja noti ndani ya fomu ya kitambulisho kabla ya kuisukuma dirishani, na hakuna anayetaka tena dirisha lile. Lakini hao hao wanaosema karatasi ni wizi wanasahau kwamba foleni ya sistimu iliyozima nayo ina bei. Ukienda saiba yoyote mjini utampata kijana anayejua mtu ndani. Kitabu tunachokitaka kina kurasa zenye nambari na nakala ya kaboni, mwananchi anaondoka na kipande chake, na karani ana saa kadhaa za kuingiza maelezo sistimu ikirudi, la sivyo jina lake linatokea kwenye ripoti. Ajenti wa M-Pesa alikuwa na daftari kama hilo kwenye kibanda cha mabati. Ulitia sahihi kwenye mstari wako, yeye akabaki na kumbukumbu.

Wa pili ni wa gharama. "Seva mbili ni bei mara mbili." Kweli, akiba hugharimu. Lakini angalia Korea Kusini, nchi ambayo hatuwezi kusema ni maskini wala haijui kompyuta. Oktoba 2022 moto uliwaka katika kituo cha data ambacho kampuni ya Kakao iliweka seva zake, na programu ya ujumbe inayotumiwa na karibu nchi nzima ikanyamaza. Serikali ikaikemea kampuni vikali kwa kutojipanga. Tarehe 26 Septemba 2025 zamu ikafika kwa serikali yenyewe. Betri za lithiamu zilishika moto katika kituo cha taifa cha data mjini Daejeon, na zaidi ya sistimu 600 za serikali zikazimwa. Vitambulisho vya simu, posta, mengi tu. Kilichochoma zaidi ni hifadhi ambayo wafanyakazi wa umma waliambiwa waweke kazi zao humo: terabaiti 858 ziliteketea, na hazikuwa na nakala mahali pengine. Sababu iliyotolewa? Data ilikuwa nyingi mno kuwekewa nakala. Nilisoma hiyo nikacheka, halafu nikakumbuka nchi ninayoishi nikaacha kucheka.

Tena kununua cha pili hakutoshi kama hukijaribu. Sisi tulijifunza hilo tarehe 25 Agosti 2023, stima ilipokatika karibu nchi nzima na uwanja wa JKIA ukaingia giza. Jenereta ilikuwapo. Ilikuwa imenunuliwa, ina karatasi zake, bila shaka ina na stika ya mali ya serikali. Ile iliyohudumia sehemu ya uwanja ikakataa kuwaka. Picha za abiria wakimulikana kwa tochi za simu zikazunguka dunia, waziri akaomba radhi, na mkurugenzi wa mamlaka ya viwanja vya ndege akapoteza kazi. Sasa niulize: ni lini mara ya mwisho ofisi yoyote ya umma ilizima seva yake kuu makusudi, mchana, kuona kama ya akiba itashika? Kama hilo halifanywi kila baada ya miezi michache na watu wakaona matokeo, basi hatuna akiba. Tuna kitu ambacho tunatumaini kitawaka.

Na hata kikiwaka, kuna waya. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na SEACOM, zilikatika, na wewe uliyekuwa unapakua kitu Jumapili hiyo unakumbuka. Kenya ina nyaya kadhaa za intaneti kutoka nje, jambo zuri, ila karibu zote zinatua Mombasa. Huduma ya Mkenya aliye Kitale, kwa data ya Mkenya huyo huyo, haifai kutegemea kitu kilichokatika chini ya Bahari ya Hindi. Ila itategemea, kama seva au hata kipande kimoja cha programu kinachothibitisha jina lake kimekaa ng'ambo. Weka kidole pale, uliza lile swali.

Watu wa serikali wanapenda kututajia Estonia, kwa hivyo na mimi niitaje. Wanachotwambia ni kwamba huko unafungua kampuni kwa dakika chache. Hawatuambii jinsi wenyewe walivyojenga. Estonia ilikaa chini ikafikiria kama nchi ndogo yenye jirani mkubwa. Haikuweka kila kitu kwenye chungu kimoja: kila idara inatunza data yake, na kuna njia ya pamoja, X-Road, ambapo idara zinaulizana zinapohitaji. Moja ikianguka, nyingine zinaendelea. Mwaka 2017 wakatia sahihi na Luxembourg mkataba wa kuweka huko nakala za kumbukumbu muhimu za taifa katika kituo chenye kinga kama ya ubalozi. Sisemi tukodishe chumba Luxembourg. Tuna Konza, tuna kaunti 47, tuna nafasi. Ninachosema ni kwamba wao walianza na swali la kitakachobaki, sisi tukaanza na uzinduzi.

Kwa hivyo msinijibu kwa kuniambia kuna seva mpya inakuja. Ije, karibu. Lakini kuna mambo ambayo hayahitaji hata waya mmoja, na mnaweza kuyafanya kabla ya mwezi kuisha.

Saa isimame. Sistimu ya serikali ikiwa chini, tarehe za mwisho zote zinazopitia humo zisogee zenyewe, bila mwananchi kupiga magoti. Kila mwisho wa Juni watu hulia kwamba iTax imekwama, na ukichelewa faini ni angalau shilingi 2,000 kwa mtu binafsi. Mlango umeufunga wewe, halafu unanitoza kwa kutoingia? Kifungu cha 47 cha Katiba kinasema kila mtu ana haki ya hatua ya kiutawala iliyo ya haraka, yenye ufanisi, halali, ya busara na ya haki. Sioni palipoandikwa "mtandao ukiruhusu."

Tuonyesheni saa. Kila huduma iwe na ukurasa wa wazi unaosema ilizima lini, kwa muda gani, kwa nini, na nani alikuwa zamu. Hii ni kawaida kwa kampuni za programu, hata zile ndogo za vijana watatu kwenye chumba kimoja Roysambu. Mwenye kujua kwamba saa zake zinahesabiwa hufikiri mara mbili kabla ya kukubali tenda ya sistimu isiyo na mwenzake. Na katika tenda hizo, mwenye kuuza alipe kwa kila saa ya kuzima, pesa zionekane kwenye mkataba.

Zaidi ya yote, mrudishieni karani mamlaka yake. Kwangu hili ndilo kubwa, na ndilo mtaliruka kwa sababu halina utepe wa kukata. Iandikwe kwenye kanuni, kwa lugha ambayo yule mama wa kaunta anaweza kubandika ukutani: sistimu ikizima kwa dakika 30, mgonjwa anayejulikana kwenye kliniki hii anahudumiwa kwa kitabu, dawa yake ya kawaida inatoka, na bima italipa kwa nambari ya ukurasa. Karani asiulizwe. Aulizwe yule aliyeacha mtandao uzime. Mnaogopa atadanganya? Wekeni kikomo: dawa za siku saba, mgonjwa wa zamani tu. Benki hukubali hasara ndogo kila siku ili biashara isisimame, na hakuna anayeita hiyo uzembe.

Marafiki zangu wengine wa teknolojia wataniona nimezeeka kabla ya wakati, kijana wa miaka ishirini na kitu anayetetea kaunta buku. Sitetei vumbi. Napenda kwamba nilipata kitambulisho cha kodi nikiwa kitandani. Napenda kwamba mwanamke wa Wajir halazimiki kupanda basi mpaka Nairobi kwa karatasi moja. Ila huyo mwanamke ndiye atakayeumia zaidi siku mtandao ukizima. Mimi nina Huduma Centre matatu moja kutoka hapa na marafiki wa kunikopesha. Yeye ana mnara mmoja wa simu, na mnara huo una jenereta moja.

Mamangu hakusoma mambo ya seva, lakini tangu Jumanne ile ana mfumo wake. Amenunua daftari la kurasa 32. Humo anaandika presha yake, sukari, tarehe, jina la kila dawa na kipimo chake, na nyuma amebandika nakala ya kadi ya bima na ya kitambulisho. Daftari la pili, lenye maneno yale yale, amelipeleka kwa dadangu Thika. Vidonge vya siku kumi anaviweka kwenye kopo la chai ambalo haturuhusiwi kuligusa. Kliniki yake ni tarehe 14. Tutatoka saa kumi na moja.